Kamba hukatikia pabovu, lakini nani alipaozesha?

Wazazi wetu wana methali wanayoipenda sana: kamba hukatikia pabovu. Kijana akiacha shule, methali. Ndoa ikivunjika, methali. Mtu akirudi kutoka mafunzo kabla hayajaisha, hapo ndiyo kabisa. Maana yake inaeleweka upesi: ubovu ulikuwa ndani yake tangu zamani, siku ya kukatika ni siku ya kuonekana tu. Sisemi methali ni uongo. Ninasema inasimama katikati ya njia. Kamba ilitoka dukani nzima. Pale pabovu palioza namna gani?

Swali hili lilinishika tangu vijana watatu wa kikundi chetu hapa Busanza waanze kujenga gari. Kuita gari ni heshima. Ni fremu ya mabomba ya chuma waliyochomelea wenyewe, viti viwili, magurudumu manne madogo, na injini ya pikipiki nyuma. Halina namba na haliingii barabarani, linazunguka kwenye kiwanja cha vumbi, watoto wakilikimbilia, ndege za Kanombe zikipita juu. Linatembea vizuri. Shida yake ilikuwa moja, waya wa klachi. Wengine wetu wanasema ambreyaji, ni kitu kilekile.

Waya wa kwanza ulikaa kama wiki tatu. Wa pili, siku tisa. Wa tatu walienda kuununua Nyabugogo kwa bei ya juu, wakauchagua kama mtu anayechagua mchumba, na wenyewe ukakatika. Kila mara lawama ilienda kwa waya: ni feki, muuzaji ametudanganya.

Papa mmoja, fundi wa pikipiki, alipokuja hakuuliza waliununua wapi. Aliomba vipande. Bahati nzuri hawakuwa wamevitupa. Akavilaza chini, kimoja pembeni ya kingine, na vyote vitatu vilikuwa vimekatika mahali pamoja, tofauti yake haizidi upana wa kidole. Waya mbaya hukatika popote. Hizi tatu zilikuwa kama zimekubaliana.

Basi akatufundisha. Kwenye pikipiki, klachi inavutwa na vidole vya mkono wa kushoto. Mkono wa klachi una kikomo chake: ukigusa mpini, basi, huwezi kuvuta zaidi. Vijana walikuwa wameutoa waya pale wakaufunga kwenye pedali ya mguu. Mguu una nguvu nyingi kuliko vidole, na pedali yao haikuwa na kikomo. Klachi imeshaachia zamani, na mguu bado unakanyaga. Halafu, kwa kuwa injini iko nyuma, waya ulipita chini ya kiti na kukunjwa kona kali karibu na bomba la moshi. Joto linakausha mafuta, kona inasugua. Na ndani waya siyo kitu kimoja, ni nyuzi nyembamba zilizosokotwa. Hazikatiki zote pamoja. Unakatika mmoja, wenzake wanabeba mzigo wake. Unakatika wa pili. Dereva hasikii kitu mpaka siku ya mwisho, na anaona kama umekatika ghafla.

"Kitu cha vidole mmekipa kazi ya mguu," papa alisema.

Kucheka kilichokatika siyo tabia ya Busanza peke yake. Mwaka 1986 Rais Moi wa Kenya alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari. Mwaka 1990 wakaonyesha Nyayo Pioneer. Magari ya majaribio yalikuwa matano, na pesa ya kuyatengeneza kwa wingi haikupatikana. Mpaka leo ukitaja Nyayo Pioneer, watu wanalicheka gari lenyewe. Pesa iliyokosekana haichekwi na mtu.

Sasa jambo linaloniuma. Kikundi chetu kilipewa nafasi moja ya kusomea uchomeleaji, upande mwingine wa mji. Kijana wa kwanza aliacha. Wa pili akaacha. Wa tatu ameacha mwezi huu. Kwenye kamati nimesikia ile methali mara mbili kwenye kikao kimoja, na uamuzi ni kutafuta wa nne.

Nilienda kwa wote watatu, mmoja mmoja. Wote waliacha kabla ya mwezi kuisha. Nauli inarudishwa mwisho wa mwezi, na kwenda kule ni basi mbili. Wiki ya kwanza pesa ya kadi ni ya mama. Ya pili ni ya kukopa. Ya tatu unatembea nusu ya njia, unafika umechelewa, jina linaandikwa. Ya nne hauendi. Hawajuani vizuri hawa watatu, lakini walinipa hadithi moja.

Mama mmoja wa kamati, ambaye ninamheshimu sana, alinijibu: "Mwanangu, mtu siyo waya. Waya hauna mdomo. Hawa wangesema."

Ni neno zito na sijalimaliza kichwani. Ni kweli mtu ana hiari, na sisi wakimbizi tumechoka kuzungumziwa kama vitu vinavyovutwa na wengine. Lakini kusema nako kuna bei yake. Tumejifunza mapema kumjibu anayetoa msaada, "tuko sawa," kwa hofu kwamba anayelalamika atafutwa kwenye orodha. Tena kuna hesabu. Akikatika mmoja, nitamuuliza yeye kwanza. Wakikatika watatu mahali pamoja, nitaangalia kona kwanza, yeye nitamuuliza baadaye. Wajibu wake sijaufuta. Nimebadilisha nani anaulizwa wa kwanza.

Papa fundi alifunga bolti chini ya pedali iwe kikomo, akapitisha waya upande wa pili kwa kona pana, mbali na bomba la moshi, akaacha ulegevu wa milimita chache. Waya wa nne ulikuwa wa bei ya chini kuliko zote, na ni mwezi wa tatu sasa.

Kamati inakutana Jumamosi. Kwenye ajenda imeandikwa: kumpata kijana wa nne, mwenye nidhamu. Nimeomba uongezwe mstari mmoja juu yake, kwamba nauli ilipwe kila Jumatatu asubuhi. Na wale watatu nimewaalika, wakae mbele.