Kijiko Hakikuvunjika

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa masikio, macho na nyoyo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, tuanze na jambo dogo ambalo kila mmoja wetu anaweza kulifanya chumbani kwake. Chukua glasi ya maji, utie kijiko ndani, ukiache kimeinama. Kitazame kwa ubavuni. Utakiona kimekatika pale kinapoingia majini, kana kwamba ni vipande viwili. Kitoe: ni kizima. Kirudishe: kimekatika tena. Unajua kwa yakini kwamba ni kizima, na bado jicho linakuonesha kimevunjika.

Kisha chukua bakuli, uweke sarafu ndani yake, urudi nyuma polepole mpaka ukingo wa bakuli uifiche. Simama hapo hapo. Mwambie mwenzako amimine maji taratibu. Sarafu itajitokeza mbele ya macho yako, ilhali wewe hukusogea na sarafu haikusogea.

Wenzetu wa fizikia wanatueleza sababu yake. Mwanga husafiri hewani kwa kasi ya kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, lakini ndani ya maji kasi hiyo hupungua hadi kama 225,000. Unapovuka mpaka wa maji na hewa kwa mshazari, njia yake hupinda. Jicho halina habari ya mpindo huo. Lenyewe huchukulia kwamba mwanga umekuja kwa mstari ulionyooka, basi huiweka sarafu mahali ambapo haipo, juu kidogo kuliko ilipo. Ndiyo maana maji ukiyatazama kutoka juu huonekana kuwa na robo tatu tu ya kina chake: penye mita 2 utadhani ni mita 1 na nusu.

Kwetu Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, maji huwa maangavu, na mtoto huona mchanga wa chini akadhani utamfikia kiunoni. Bibi yangu hakusoma fizikia, lakini alikuwa akitukataza kuingia mahali kwa kupima kwa macho. Alitaka kwanza mtu mzima ashushe kasia. Na anayechoma samaki kwa mkuki katika maji matulivu hujifunza mapema kulenga chini ya pale anapomwona samaki. Akilenga anapomwona, mkuki utapita juu yake.

Elimu hii si ngeni kwetu Waislamu. Ibn Sahl, aliyefanya kazi Baghdad, aliandika mnamo 984 kanuni ya namna mwanga unavyopinda, zaidi ya karne sita kabla ya Snell wa Uholanzi kuifikia. Baada yake akaja Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo, mwandishi wa Kitab al-Manazir. Kitabu hicho kina sehemu saba. Sehemu ya tatu inazungumzia makosa ya kuona, na ya saba inahusu kupinda kwa mwanga. Mwanachuoni huyu alisisitiza kwamba anayetafuta ukweli asiwatilie shaka waliomtangulia tu, bali aitilie shaka na nafsi yake pia.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame, ndugu msomaji. Watu hupenda kusema kwamba macho yanadanganya. Mimi naona tunayaonea. Mwanga haukukosea njia, umefuata kanuni aliyoiweka Muumba wake. Jicho nalo limepokea kilicholifikia. Kosa limeingia pale tulipotoa hukumu bila kuuliza: huu mwanga umepita wapi kabla ya kunifikia?

Qur'ani imetupa mfano wa hili katika Surat An-Naml, aya ya 44. Malkia wa Sabaa alipoambiwa aingie katika jumba la Nabii Sulaiman (A.S.), aliiona sakafu akadhani ni maji mengi, akapandisha nguo miguuni. Akaambiwa kuwa ni kioo kilicholainishwa. Alikuwa malkia, mbele ya watu, na alikuwa amekosea. Hakubishana. Alikiri kwamba ameidhulumu nafsi yake, akasilimu kwa Mola wa viumbe vyote. Wangapi kati yetu tukioneshwa kwamba tulichokiona si maji bado tunashikilia kwamba ni maji, kwa sababu tu tumekwisha kupandisha nguo?

Nitasema la kwangu, maana si haki kuwausia watu huku nimejificha. Mwaka jana kulikuwa na ndugu mmoja katika halaqa yetu ambaye ghafla alianza kukosa swala ya alfajiri ya jamaa. Asubuhi moja nilimwona kwa macho yangu akitoka katika mtaa unaojulikana kwa baa zake, macho mekundu, akitembea kama mtu aliyekesha. Nikawaambia wenzangu wawili. Sikuongeza neno, nilisema nilichokiona tu, na nikajiona mkweli.

Baada ya wiki kadhaa nilikuja kujua kwamba mwisho wa mtaa ule kuna tanuri la mikate. Alikuwa akikanda unga usiku kucha ili alipe ada, na alfajiri akiswali huko huko na wafanyakazi wenzake. Mara mbili nilikuwa nimeona unga mweupe kwenye mikono ya shati lake, na sikumuuliza. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinisamehe, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Lakini wale wawili walikuwa wamekwisha kuwaambia wengine, na yeye hakurudi tena kwenye halaqa. Mpaka leo tunapokaa nafasi yake naiona.

Ndugu zangu, kila nilichokiona kilikuwa kweli. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa katika kisa cha Ifk. Watu wa Madina walimwona mama yetu Aisha (R.A.) akifika nyuma ya jeshi, juu ya ngamia anayeongozwa na Safwan bin Muattal. Hilo lilikuwa kweli. Wasichokijua ni mkufu uliopotea, na msafara ulioondoka ukidhani yumo ndani ya machela yake. Wanafiki wakaupindisha ukweli ule kidogo tu, na nyumba ya Mtume (S.A.W.) ikaishi katika huzuni kwa karibu mwezi mzima. Aya za Surat An-Nur ziliposhuka, zikawauliza waumini kwa nini waliposikia habari ile hawakudhaniana mema. Zikawaambia pia kwamba walilolichukua kuwa jambo jepesi ni zito mbele ya Mwenyezi Mungu.

Sisi leo tuna maji mengi zaidi kati ya macho yetu na ndugu zetu. Kuna picha iliyokatwa pembeni, ujumbe uliosambazwa bila mwanzo wake, sauti ya sekunde kumi kwenye kundi la simu. Kila kimoja ni maji, na kila maji yana mpindo wake.

Basi tufanye nini? Dini haikutuamuru tufumbe macho. Mvuvi hasemi kwamba samaki hayupo. Anajua maji yanapindisha kiasi gani, naye hurekebisha mkuki wake. Kudhani mema nako ni elimu ya namna hiyo. Ukiona jambo la nduguyo, jiulize umeliona kupitia nini. Kisha mwendee yeye mwenyewe, faraghani, kabla hujamwendea mwingine, maana kijiko hujulikana ni kizima kinapotolewa majini. Na kama huwezi kumuuliza, nyamaza. Surat Al-Israa, aya ya 36, imetuonya tusifuate tusilo na elimu nalo, kwani masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Siku hiyo sitaulizwa tu kama nilimwona akitoka mtaa ule. Nitaulizwa nilifanya nini na nilichokiona.

Ewe Mola wetu, wewe unayeona bila pazia, turekebishie macho yetu na uzitulize ndimi zetu. Warudishe katika safu zetu wale tuliowafukuza kwa maneno, na utusamehe kabla hatujakutana nao mbele yako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.