Uthibitisho na Wajibu wa Msomaji: Kisa cha Vigeu Fiche katika Mekanika ya Kwanta

Msomaji anawiwa nini na hoja iliyokwisha kuitwa uthibitisho? Swali hili aghalabu huachiwa wanahisabati, kana kwamba uhakiki hauna neno la kusema mahali palipo na milinganyo. Makala hii inadai kinyume chake. Kisa kimoja katika historia ya mekanika ya kwanta chaonyesha kwamba hata hisabati iliyo safi huhitaji kufasiriwa, na kwamba fasiri yenye kasoro yaweza kudumu miaka thelathini pasipo kosa lolote la hesabu.

Mwaka 1932 John von Neumann, mwanahisabati mzaliwa wa Budapest, alichapisha mjini Berlin kitabu kilichoipa mekanika ya kwanta misingi imara ya kihisabati. Nadharia hiyo hutabiri uwezekano tu. Haisemi elektroni fulani itapatikana wapi. Husema ni mara ngapi, katika majaribio mengi, itapatikana hapa au pale. Je, bahati nasibu hiyo imo katika maumbile yenyewe, au yatokana na binadamu kutozijua sababu zilizojificha? Sababu hizo za kudhaniwa ndizo zilizoitwa vigeu fiche. Kitabuni mwake von Neumann alitoa uthibitisho ambao wengi waliuelewa kuwa wasema neno moja: vigeu fiche haviwezekani kabisa.

Mwaka 1935 Grete Hermann, aliyesomea udaktari wa hisabati mjini Göttingen chini ya Emmy Noether kabla ya kugeukia falsafa, aliusoma uthibitisho huo jinsi mhakiki asomavyo matini. Aliuliza hitimisho limesimama juu ya nini, akakuta dhanio moja. Von Neumann alichukulia kwamba wastani wa jumla ya vipimo viwili ni sawa na jumla ya wastani wa kila kimoja, na kwamba kanuni hiyo yapaswa kutimia hata katika zile hali za kubuniwa ambamo vigeu fiche vingekuwa vimekwisha kuamua kila jambo. Sehemu ya kwanza ni kweli katika mekanika ya kwanta. Sehemu ya pili haikuthibitishwa, ilidaiwa tu.

Mfano utalifafanua jambo hili. Spini ya elektroni ikipimwa kwa mwelekeo mmoja, jibu, kwa kizio kinachofaa, huwa +1 au −1. Ikipimwa kwa mwelekeo wa pili unaofanya pembe mraba na wa kwanza, huwa vivyo hivyo. Lakini kile ambacho nadharia hukiita jumla ya vipimo hivyo viwili hupimwa kwa chombo kilichoelekezwa katikati ya pande hizo, na jibu lake huwa kipeuo cha pili cha 2, yaani takribani 1.41, chanya au hasi. Wastani wa majaribio mengi hujumlika barabara. Kwa elektroni moja, hata hivyo, jumla ya majibu mawili yaweza kuwa 2, au 0, au −2. Kamwe haiwi 1.41. Basi anayeshurutisha thamani fiche za elektroni moja zijumlike kwa kanuni hiyo amekwisha kuvikataa vigeu fiche kabla ya kuianza hoja. Wala hapana sababu ya kushurutisha hivyo, kwani vipimo hivyo vitatu huhitaji mipangilio mitatu ya vyombo isiyoweza kuwekwa kwa wakati mmoja.

Hoja ya Hermann ilitoka katika jarida dogo la kifalsafa. Muhtasari wake, uliochapishwa mwaka huohuo katika jarida lililosomwa na wanasayansi wengi, haukuwa na sehemu hiyo. Baadaye, akiwa mpinzani wa Wanazi, aliihama Ujerumani, na hoja yake ikasahauliwa. Mwaka 1952 David Bohm alichapisha nadharia yenye vigeu fiche iliyotoa matokeo yaleyale ya mekanika ya kwanta: lililosemwa haliwezekani lilikuwa limekwisha kufanyika. Hata hivyo, ni makala ya John Bell ya mwaka 1966 iliyowafanya wengi walione lile dhanio. Penye wazee haliharibiki neno, walisema wahenga. Lakini wao hao walisema pia, usione vyaelea, vimeundwa. Methali ya kwanza hufundisha heshima. Ya pili humtaka mtu ainame azitazame mbao na misumari.

Ieleweke kwamba haitakuwa haki kumtwika von Neumann lawama yote. Mwaka 2010 Jeffrey Bub alitoa hoja kwamba von Neumann mwenyewe alidai jambo finyu kuliko alivyoeleweka. Ikiwa ndivyo, kosa kubwa ni la wasomaji waliompa hitimisho pana kuliko alilolibeba. Na Hermann hakuwa na faida ya kuupata ufa ule, maana hakuwa mtetezi wa vigeu fiche. Yeye aliamini kwamba mekanika ya kwanta ilikwisha kutoa sababu za matukio, ijapokuwa baada ya kutukia kwake. Aliivunja hoja iliyoelekea upande wake mwenyewe kwa kuwa haikusimama. Huo ndio uadilifu wa kiakili, nao ni adimu.

Uhakiki wa Kiswahili una kisa kinachofanana na hiki kimantiki. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi, kikieleza vina na mizani. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilipotokea mwaka 1974, walikuwapo waliosema kwamba tungo zisizo na vina na mizani si mashairi. Dai hilo lilionekana kama uthibitisho. Kumbe hitimisho lilikuwa limefichwa ndani ya fasili. Hapa pia, kazi ya mwandishi mmoja ilitumiwa kufunga mlango wa swali ambalo wengine walikuwa bado wanauliza.

Kuvunja uthibitisho, bila shaka, si kuthibitisha kinyume chake. Mwaka 1964 Bell alionyesha kwamba vigeu fiche vinavyoheshimu sharti la kutoathiriana papo hapo kwa vitu vilivyo mbali haviwezi kulingana na utabiri wote wa mekanika ya kwanta. Majaribio yaliyofuata, kwa ajili yake John Clauser, Alain Aspect na Anton Zeilinger walitunukiwa Nobel mwaka 2022, yaliunga mkono mekanika ya kwanta. Nadharia ya Bohm haikuangushwa na matokeo hayo, kwa kuwa yenyewe hailishiki sharti hilo. Bell aliweka dhanio lake hadharani, na kwa hiyo ikawezekana kulipima na kujua gharama ya kulikana. Hoja ya namna hiyo humwachia msomaji kazi, nayo kazi hiyo haiwezi kufanywa na jina la mwandishi kwa niaba yake.