Kusamehewa Kodi si Kusamehewa Hisabu

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twapenda kuwakumbusha ndugu zetu Waislamu jambo ambalo wengi wamelidharau, nalo ni hisabu za vyama vyetu vya kheri.

Katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu hata Vanga, ni michache mitaa isiyokuwa na chama cha kulisha mayatima, au cha kuendesha madrasa, au cha kuzika maskini. Kazi hizi ni njema na thawabu zake ni kubwa. Lakini muulize mweka hazina: mwaka uliopita zimeingia shilingi ngapi, na zimetoka ngapi? Mara nyingi jawabu litakuwa: "Kwani hamniamini?"

Sisi twasema: uaminifu wake hatuutilii shaka. Bali hisabu haikuwekwa kwa ajili ya mwizi peke yake. Imewekwa pia ili kumhifadhi mwaminifu. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 6, amemuamrisha msimamizi wa yatima kuweka mashahidi siku ya kumkabidhi mali yake. Na aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, yahusu kuandika madeni, madogo na makubwa. Naye Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu wa kabila la Azd kukusanya zaka, na aliporudi alimhisabu. Mtu yule aliposema kuwa sehemu ya mali ile ni zawadi aliyopewa yeye, Mtume alimkemea hadharani. Ikiwa mtume wa Mtume alihisabiwa, ni nani katika sisi aliye juu ya kuhisabiwa?

Wako pia wasemao: "Chama chetu ni cha kheri, hakilipi kodi, basi serikali ina haja gani na daftari zetu?" Haya ni makosa. Kwanza, msamaha wa kodi hauji wenyewe kwa jina la kheri. Huombwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na muombaji hutakiwa kuonyesha hisabu zake. Pili, aliyesamehewa kodi hakusamehewa kupeleka ritani. Chama ambacho mwaka wake wa hisabu humalizika tarehe 31 Desemba hupaswa kupeleka ritani yake kabla ya kupita tarehe 30 Juni. Kikichelewa, faini yake haipungui shilingi 20,000, ijapokuwa hakidaiwi kodi hata senti moja.

Basi na tufikiri: shilingi hizo zitatoka wapi? Hazitatoka mfukoni mwa mweka hazina. Zitatoka katika unga na mafuta ya mayatima. Mtu hakuiba wala hakukusudia ubaya, lakini uvivu wake umekula mali ya yatima, na ubaya wa kuila mali hiyo hapana Muislamu asiyeujua.

Wala dawa yake si ngumu. Chama kiwe na akaunti yake na nambari yake ya M-Pesa, ili mchango usiingie katika simu ya mweka hazina ukachanganyika na pesa zake za samaki na nazi. Kila kinachoingia kiandikwe siku ile ile na kitolewe stakabadhi. Kila kinachotoka kiwe na risiti na sahihi za watu wawili. Kila mwisho wa mwezi daftari lilinganishwe na karatasi ya benki. Daftari hizo zihifadhiwe si chini ya miaka 5, kama sheria itakavyo. Na mara moja kwa mwaka hisabu isomwe mbele ya watu, aliyetoa shilingi kumi asikie sawa na aliyetoa elfu kumi.

Enyi wasimamizi wa mali za kheri! Mkiona uzito kuhisabiwa na jirani zenu, kumbukeni kuwa iko siku ya hisabu isiyokuwa na udhuru wala kuahirishwa. Twamuomba Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutekeleza amana zetu. Amin.