Mwambie Baba Hayuko



Dhambi ninayotaka tuizungumzie mwezi huu ni ndogo hata wengi wetu hatuipeleki kwenye Kitubio. Mtu amebisha hodi. Huenda ni msimamizi wa ploti, kwa kuwa ni tarehe 6 na kodi ya nyumba haijalipwa. Huenda ni mweka hazina wa chama amekuja kuuliza mchango wa mwezi uliopita. Baba yuko ndani, ameketi kitandani. Anamwita mtoto kwa sauti ya chini na kumwambia, "Enda umwambie baba hayuko." Mtoto anaenda, anasema hivyo, na mgeni anakwenda zake. Saa mbili usiku baba huyo huyo anaongoza sala ya jioni, na hakuna anayekumbuka jambo la mchana isipokuwa mtoto aliyetumwa.

Jambo hili lina sura nyingi. Kwenye matatu, mtoto wa miaka minane anafundishwa kwamba makanga akiuliza, aseme ana miaka minne, ili apakatwe bila kulipiwa. Aliyebakizwa nyumbani siku ya soko achunge ng'ombe anapewa barua ampelekee mwalimu kwamba alikuwa na malaria. Simu inalia, mama anaona ni nani anayepiga, anampa mtoto aipokee na kusema mama ameiacha simu nyumbani.

Sisi Wakatoliki tunapenda kuuliza tufanye nini ili imani ikae nyumbani mwetu. Tunanunua msalaba wa ukutani, picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na rozari kwa kila mtoto. Ni mambo mazuri, nami kama katekista siwezi kuyadharau. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliita familia kanisa la nyumbani, ukasema wazazi ndio wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao, kwa neno na kwa mfano. Basi tusidhani mahubiri hayo hufanyika wakati wa sala peke yake. Mlangoni napo tunahubiri, tena mahubiri mafupi ambayo mtoto hayasahau.

Katika darasa la Komunyo ya Kwanza, tunapofika kwenye amri ya nane, lipo swali ambalo watoto huniuliza karibu kila mwaka: "Mwalimu, kama mama ndiye ameniambia nidanganye, dhambi ni ya nani?" Si swali la kitoto. Wiki chache kabla ya hapo niliwafundisha amri ya nne, kwamba wawaheshimu na kuwatii wazazi. Sasa amri mbili za Mungu zimegongana kichwani mwa mtoto wa miaka tisa, na aliyezigonganisha ni mzazi wake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inajibu sehemu ya kwanza bila kusita. Mtoto awatii wazazi wake, lakini akisadiki katika dhamiri yake kwamba jambo aliloagizwa ni baya, asilitii. Huo ndio mpaka wa amri ya nne. Sehemu ya pili nayo si ngumu. Mtoto mdogo, aliyetumwa na mtu anayemwogopa na kumpenda, hana uhuru wa mtu mzima, kwa hiyo mzigo mkubwa uko kwa aliyemtuma. Wazazi wengi wakisikia hivyo hupumua: "Basi dhambi ni yangu, mtoto yuko salama." Hapo ndipo ningependa tuende taratibu.

Fungua Kitabu cha Mwanzo, sura ya 27. Isaka amezeeka, macho hayaoni, na anataka kumbariki Esau mzaliwa wa kwanza. Rebeka anamtaka Yakobo aipate baraka hiyo. Anapika wana-mbuzi wawili, anamvika Yakobo nguo za kaka yake, anamfunika mikono na shingo kwa ngozi ya mbuzi, kisha anamtuma kwa baba yake. Yakobo anasita: itakuwaje mzee akinipapasa akagundua? Nitalaaniwa. Mama anamjibu kwamba laana hiyo na iwe juu yake yeye mama, mradi mtoto amtii tu.

Angalieni Yakobo aliogopa nini. Hakuogopa kudanganya, aliogopa kugunduliwa. Hilo ndilo somo la kwanza ambalo mtoto anayetumwa uongo hulipata, na hulipata vizuri kuliko somo lolote la katekista. Halafu angalieni uongo ulivyokua. Rebeka alimtuma Yakobo akajifanye Esau, basi. Lakini mzee alipouliza chakula kimepatikanaje upesi hivyo, Yakobo akamtaja Mungu, kwamba ndiye aliyekileta. Mama hakumtuma aseme hilo. Uongo ulihitaji kiraka, na mtoto akakishona kwa jina la Bwana.

Kisha ikawaje? Yakobo alilazimika kukimbilia kwa Labani. Rebeka alidhani ni siku chache. Ikawa miaka 20, na Maandiko hayatuambii kwamba mama na mwana walionana tena. Huko Yakobo akadanganywa na mjomba wake usiku wa harusi. Alipozeeka, wanawe wakamletea kanzu ya Yosefu ikiwa imechovywa katika damu ya mbuzi. Alimdanganya baba yake kwa ngozi ya mbuzi, na watoto wake wakamdanganya yeye kwa damu ya mbuzi. Rebeka aliahidi kuibeba laana yote peke yake, lakini hakuweza. Mzazi anaweza kulibeba kosa mbele ya Mungu. Lakini ile tabia inayobaki kwa mtoto, hawezi kumwondolea.

Najua atakayeniambia: "Katekista, hayo ni maneno ya kanisani. Wewe hujui kudaiwa kodi." Ninamfikiria mtu wa kibarua cha mjengo ambaye malipo yake yamecheleweshwa wiki mbili. Msimamizi akiambiwa ukweli anaweza kutia kufuli mlangoni jioni hiyo. Je, Mungu anataka watoto walale nje kwa sababu ya neno moja?

Ni pingamizi la kweli, na Kanisa limelijadili tangu zamani. Mtakatifu Augustino alishikilia kwamba uongo hauruhusiwi hata kwa nia ya kumsaidia mtu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikubaliana naye kwamba kila uongo ni dhambi, ila akatofautisha uongo wa kudhuru, wa mzaha na wa kusaidia, na hizi mbili za mwisho akazihesabu kuwa nyepesi. Mimi namshika Tomaso, na sidhani baba huyu wa kibarua ametenda jambo zito kwa kumkwepa msimamizi. Ninachomuuliza ni kingine. Kama uongo ni wa lazima, mbona asitoke akauseme yeye? Hatoki kwa sababu anaona haya. Basi haya hiyo amempa mtoto wa darasa la pili aende nayo mlangoni. Kudanganya ni jambo moja na kujificha nyuma ya mtoto ni jingine, na hili la pili ndilo linalonisumbua.

Tusiende upande wa pili pia, tukawafanya watoto wamwambie kila mpita njia kila kitu. Katekisimu hiyo hiyo inafundisha kwamba hatulazimiki kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Mtoto aliyeachwa peke yake, akiulizwa na mgeni langoni kama wazazi wapo, ajibu: "Siruhusiwi kufungua." Hajadanganya, na yuko salama. Baba aliyechoka anaweza kumtuma mtoto aseme, "Baba amesema hawezi kuonana na mtu sasa, atakutafuta Jumamosi." Ni kweli, ila inakulazimu umtafute huyo mtu Jumamosi! Nadhani ndiyo sababu tunaona "hayuko" ni rahisi zaidi.

Sasa neno kwa mume na mke, maana huu ni ukurasa wenu. Mara nyingi mtoto anayetumwa mlangoni anafunika kitu ambacho mwenzako hakijui. Mke hajui kwamba kodi ya mwezi jana pia haikulipwa. Mume hajui kwamba mke amekopa kwenye chama na dukani kuna daftari limejaa jina lake. Ndipo unaposikia, "Usimwambie mama tulipitia hapa," au, "Baba akiuliza, sema kiatu hiki ulipewa na shangazi." Mtoto huyo amewekwa kati ya watu wawili ambao mbele ya altare waliahidiana uaminifu katika taabu na raha. Akiitunza siri ya mmoja amemsaliti mwingine, na umri wake ni miaka tisa. Mtoto wa namna hii huwa mwangalifu sana wa maneno. Majirani humsifu kwamba ana adabu.

Kwa hiyo, kabla ya kuzungumza na mtoto, zungumzeni ninyi wawili, usiku, watoto wakisha kulala, mkitaja deni kwa shilingi zake. Pengine patakuwa na hasira. Afadhali hasira hiyo kuliko mtoto kuwa mjumbe wenu. Kisha mmoja wenu, au nyote wawili, mwendeeni msimamizi tarehe 3, kabla hajaja yeye tarehe 6, na mseme mna kiasi gani na kilichobaki kitapatikana lini. Wako watakaokataa, siwezi kuwaahidi vingine. Lakini mdaiwa aliyekuja mwenyewe husikilizwa tofauti na yule anayetafutwa.

Na mtoto ambaye tayari amekwisha kutumwa? Mwite, mwambie kwa maneno machache kwamba siku ile ulimtuma vibaya, na kwamba hutamtuma tena hivyo. Wengine huogopa kwamba mtoto atapoteza heshima kwao. Mtoto alikuwa chumbani, alikuona umeketi kitandani. Hakuna jipya unalomfunulia, ila sasa anajua kwamba nawe unajua.

Jumamosi ya Kitubio cha kwanza, watoto hupanga mstari kanisani, na wazazi waliowaleta hungoja nje chini ya mti wakiongea habari za mvua. Watoto wakimaliza, Padre huwa bado ameketi ndani.