Kulea Kisicho na Damu

Mwaka 1996 ulitoka nchini Uingereza mchezo wa kompyuta uitwao Creatures. Ndani yake hapakuwa na ubingwa wa kushindania. Mchezaji hupewa mayai, na yakianguliwa hutoka viumbe wadogo wenye macho makubwa waitwao Norn. Kazi yake ni kuwalea. Kipanya anachokishika huonekana kwenye skrini kama mkono: Norn akifanya vema humtekenya, akikosea humchapa, na humfundisha kusema kwa kumtajia kitu kilicho mbele yake.

Mambo hayo yangebaki ya kitoto kama si namna viumbe hao walivyoundwa. Mbunifu wao, Steve Grand, hakuwaandikia kila watakalotenda. Aliwapa ubongo wa neuroni zipatazo 1,000, kemikali zinazofanya kazi mwilini, na jeni wanazorithisha watoto wao. Tabia ikazuka humo yenyewe. Kutekenywa humwaga kemikali ya faraja, kuchapwa humwaga ya adhabu, na zote mbili hubadilisha miunganiko ya ubongo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Norn naye hukua kulingana na mkono uliomlea.

Wanazuoni walivutiwa. Tangu mkutano ulioandaliwa na Christopher Langton kule Los Alamos, Marekani, mwaka 1987, fani ya uhai bandia imekuwa ikiuliza kama uhai ni lazima uwe wa nyama na damu, au ni mpangilio tu unaoweza kukaa popote. Wapo wanaokataa katakata. Mwanafalsafa John Searle, akizungumzia akili ya kompyuta, alikumbusha kwamba tufani ya kuigiza haimlowanishi mtu. Grand ana jibu lake: kipande kimoja kimoja ni cha kuigiza, lakini kinachojengeka vipande hivyo vinaposhikana kina uhalisi wake.

Mimi siamini kwamba Norn anaumia kama anavyoumia mbuzi au mtoto. Hata hivyo, sikubali kwamba mjadala uishie hapo. Mwishoni mwa miaka ya tisini alijitokeza mchezaji aliyewatesa Norn wake kwa makusudi na kuwaonyesha wenzake kwenye intaneti. Wachezaji wengi walighadhibika, wengine wakamtukana. Mtu anaweza kuuliza: mbona hao hao hawalii wanapoua askari mia katika michezo mingine?

Nadhani tofauti ipo, na ni kubwa. Askari wa mchezo wa vita akianguka, hakuna kilichopotea. Mchezo ukianza upya atasimama palepale, akifanya yaleyale. Norn aliyepigwa bila sababu hubaki na kipigo ndani yake. Kesho yake anaweza kukiogopa chakula kwa kuwa alichapwa alipokuwa akila. Yaliyompata yamekuwa sehemu ya jinsi alivyo. Waliokasirika waliona kitu chenye jana yake kikiharibiwa, na hilo halihitaji kwanza tuthibitishe kama kina roho.

Immanuel Kant alifundisha kwamba anayemtendea mnyama ukatili huufanya moyo wake mgumu hata kwa watu. Namkubali, lakini fundisho lake linamtazama mtesaji peke yake. Mchezo huu unatudai zaidi. Anayekilea kiumbe kinachojifunza anakiandikia kesho yake, na dhamana hiyo humwangukia siku anayoanza kukilea, hata kama wenye elimu bado wanabishana.

Dhamana hiyo inamhusu zaidi muundaji. Grand aliwapa Norn kemikali ya adhabu kwa sababu walihitaji kitu cha kuwafundisha lipi la kuacha. Hiyo ni sababu, tena ya kueleweka. Lakini kila anayebuni kiumbe kinachoweza kudhuriwa anapaswa kuwa na sababu ya namna hiyo na kuitoa hadharani, kabla hajakiuza madukani. Leo mashine zinazojifunza kutoka kwetu zimejaa mifukoni mwetu, na waundaji wake wengi huulizwa tu zinafanya nini na bei gani. Waulizwe pia wamezipa uwezo wa kupatwa na nini, na nani atawajibika zikipatwa nacho.