Deni la Msafiri Mbele ya Magofu

Jiwe halisemi, na kwa kuwa halisemi kila mtu huweza kulisemea. Msafiri asimamaye mbele ya nguzo iliyoanguka huona ndani yake kitu alichokwenda nacho: mwenye huzuni huona mauti, mwenye majivuno huona utukufu, na mwenye haraka huona mahali pazuri pa kupigia picha. Hapana dhambi katika lolote la haya. Walakini, liko swali moja ambalo wapendao magofu hulikwepa mara nyingi, nalo ni hili: Je, mtu aweza kuyastahi mawe bila kuwajali watu, na bado akahesabiwa kuwa ametenda jema?

Swali hili laweza kuulizwa popote penye majengo ya kale. Lakini Libya hulitia uzito wa pekee. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za nchi hiyo ni jangwa. Na katika ukanda mwembamba wa pwani yake, kando ya bahari ya buluu, wageni wa zama mbalimbali walijenga miji ambayo mabaki yake hushangaza macho hata leo. Asafiriye huko hupita upesi kutoka fahari kwenda ukiwa, na kutoka ukiwa kurudi fahari, hata moyo wake ukalazimika kuuliza mambo ambayo macho peke yake hayawezi kuyajibu.

Na tuanze na Leptis Magna, zaidi ya kilomita 100 mashariki ya Tripoli. Mji huo ulianzishwa na Wafinikia, kisha ukaingia katika dola ya Warumi. Utajiri wake ulitoka katika mizeituni. Mwaka 46 KK Julius Caesar aliutoza mji huo faini ya mafuta ya zeituni kiasi cha ratili milioni tatu kila mwaka, na mji usio tajiri haupewi adhabu ya namna hiyo. Katika miaka ya mwanzo ya hesabu ya Kikristo, tajiri mmoja wa mji, Annobal Tapapius Rufus, alijenga jumba la maigizo la wazi linaloelekea bahari, akaandikisha jina lake katika jiwe kwa Kilatini na kwa Kipuni, yaani Kifinikia cha pwani hiyo. Mwaka 145 BK alizaliwa mjini humo Septimius Severus, aliyekuja kuwa Kaisari wa Rumi tangu mwaka 193 hata alipofariki mwaka 211. Mtoto huyo wa Afrika aliupamba mji wake kwa tao, uwanja, jumba kubwa la mahakama na bandari. Marumaru yaliletwa kutoka ng'ambo ya bahari, na mawe magumu mekundu kutoka Aswan katika Misri.

Msafiri hupita katikati ya vitu hivi akasema, "Kaisari alijenga." Wahenga wetu walimwonya msemaji kama huyu waliponena: Usione vyaelea, vimeundwa. Kaisari hakuchonga nguzo hata moja. Nguzo ilikatwa mwambani na mtu, ikaburutwa na mtu, ikapakiwa chomboni na mtu, ikasimamishwa na watu wengi pamoja, na baadhi ya watu hao hawakuwa na hiari katika kazi yao. Jina la aliyelipa limeandikwa kwa lugha mbili. Jina la aliyebeba halikuandikwa hata kwa moja. Hivyo magofu hayakosi haki katika kuanguka kwake tu. Tangu siku ya kujengwa kwake yalikuwa yamekwisha kuchagua nani akumbukwe na nani asahauliwe.

Yamkini mtu atapinga hapa. Atasema kuwa uzuri ni uzuri. Kwamba waliobeba wamekufa miaka elfu na mia nane iliyopita, na hapana awezaye kuwalipa ujira wao leo. Kwamba kumwekea msafiri mzigo wa machozi ya kale ni kumharibia furaha isiyomdhuru mtu. Pingamizi hili si dogo, na lastahili kujibiwa kwa adabu. Ni kweli kuwa maiti halipwi. Lakini tabia ya kutazama kazi bila kumwona mfanyakazi haiishii kwa wafu. Ni mazoea, na mazoea hayachagui karne. Aliyejizoeza kutomwona mtu wa jana chini ya nguzo hatapata taabu kutomwona mtu wa leo kando ya nguzo hiyo hiyo. Historia ya Libya yenyewe hutoa ushahidi wa jambo hili.

Ushahidi wa kwanza ni wa wale waliopenda mawe wakayachukua. Mwishoni mwa karne ya 17 balozi wa Ufaransa katika Tripoli, Claude Lemaire, alisafirisha nguzo nyingi za Leptis kwenda kwao zikapambe majumba ya mfalme na ya ibada. Mwaka 1816 balozi wa Uingereza, Hanmer Warrington, alipata ruhusa ya Pasha wa Tripoli, na nguzo nyingine zikapakiwa melini kwenda London. Katika miaka ya 1820 zilisimamishwa kando ya ziwa katika bustani ya kifalme karibu na Windsor, zikapangwa ziwe magofu ya kuburudisha macho ya mfalme. Fikiri juu ya jambo hili: magofu ya kweli yalivunjwa ili kutengenezwa magofu ya mchezo! Pasha alitoa kisichokuwa chake, balozi akapokea kama zawadi, na wenyeji wa pwani hawakuwa na neno katika mapatano hayo. Kadhalika sanamu ya marumaru ya Venus, iliyofukuliwa Cyrene mwaka 1913, ilipelekwa Rumi, na haikurejeshwa Libya hata mwaka 2008. Waliochukua vitu hivi hawakuwa watu wasiojua thamani yake. Walijua mno. Upungufu wao haukuwa katika kupenda uzuri, bali katika kudhani kuwa anayeupenda uzuri zaidi ndiye mwenyewe.

Ushahidi wa pili ni mzito kuliko huu. Waitalia waliivamia nchi hiyo mwaka 1911. Katika miaka ya 1920 na 1930 wataalamu wao walifukua Leptis na Sabratha kwa ustadi mkubwa. Wakaondoa mchanga uliokuwa umefunika miji kwa karne nyingi, wakasimamisha upya kuta na nguzo. Jumba la maigizo la Sabratha lilijengwa tena, likafunguliwa mwaka 1937 mbele ya Mussolini. Serikali yao ilifurahia kazi hiyo kwa sababu ilitaka mawe yaseme kwamba Rumi imerudi katika pwani iliyo yake. Na serikali hiyo hiyo, baina ya mwaka 1930 na 1933, iliwahamisha wafugaji wa Cyrenaica wapatao laki moja, ikawatia katika makambi yaliyozungushiwa seng'enge jangwani, ambamo maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Umar al-Mukhtar, mwalimu wa Kurani, mzee aliyepita miaka sabini, aliyewaongoza wenziwe katika kupigania nchi yao, alinyongwa Suluq tarehe 16 Septemba 1931 mbele ya maelfu ya watu wake waliokusanywa watazame.

Basi katika nchi moja na katika miaka ile ile, nguzo zilizolala zilikuwa zikiinuliwa, na watu waliosimama walikuwa wakilazwa. Mkono uliofuta vumbi katika uso wa sanamu kwa brashi laini ulikuwa mkono wa dola iliyofunga kamba shingoni mwa mzee. Hapana shaka baadhi ya wafukuzi walikuwa waungwana waliopenda elimu, na elimu yao yafaa hata leo. Lakini kisa hiki chathibitisha kuwa kustahi mambo ya kale si wema kwa nafsi yake. Kwaweza kukaa nyumba moja na ukatili, wala visigombane.

Msafiri aiachaye pwani akashika njia ya kusini hukuta magofu ya namna nyingine. Katika bonde la Germa, ndani ya jangwa la Fezzan, Wagaramante walikuwa na ufalme wakati Warumi walipokuwa pwani. Walichimba mamia ya mifereji chini ya ardhi ili kuyaongoza maji ya kale yaliyohifadhiwa mwambani, wakalima ngano na mitende mahali pasipo mvua. Hili ni ajabu lisilopungua tao la Kaisari. Lakini Herodotus aliandika kuwa Wagaramante waliwawinda jirani zao kwa magari ya farasi wanne, na wachunguzi wa zama zetu huona kuwa kazi ya mifereji hiyo ilitegemea sana mikono ya watumwa. Maji yalipodidimia, mashamba yalikauka na ufalme ukadhoofika. Mwafrika aonaye haya hana nafasi ya kujivuna kwamba udhalimu uliletwa na wageni tu. Swali la aliyebeba humfuata hata katika nyumba ya ndugu yake.

Lakini jangwa hilo lina somo la faraja pia. Ghadames, mji wa chemchemi karibu na mipaka ya Tunisia na Algeria, haukuacha tao la kumtukuza mfalme. Njia zake zimefunikwa zisipenye jua. Nyumba zake zimeshikana, na juu ya dari wanawake walikuwa na njia zao za kutembeleana. Maji ya chemchemi yaligawiwa mashambani kwa kipimo cha chombo kidogo chenye tundu: chombo kikimwagika chote, zamu imehesabiwa. Ghadames nao ulifanya biashara ya misafara, na watumwa walikuwa miongoni mwa bidhaa. Usitakaswe kupita kiasi. Walakini katika kipimo kile cha maji mna wazo ambalo hamna katika nguzo kubwa za pwani, kwamba haki yaweza kuhesabiwa tone kwa tone. Tangu miaka ya 1980 wenyeji walihamia nyumba mpya, lakini joto lizidipo hurudi katika mji wa kale kutafuta baridi yake. Gofu wanalolipenda ni lile linaloendelea kuwafaa.

Mwaka 2011 vita viliiangusha serikali ya Libya, na fitina iliyofuata iliigawa nchi. Mwaka 2016 shirika la UNESCO liliiweka miji ya kale minne ya nchi hiyo, pamoja na michoro ya mapangoni ya Acacus, katika orodha ya urithi ulio hatarini. Maeneo matano kwa jumla. Katika miaka hiyo ya mashaka wenyeji wa karibu na Leptis walijitolea kuulinda mji huo usiporwe. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 tufani ilileta mvua kubwa katika Jabal Akhdar. Mabwawa mawili juu ya Derna yakapasuka, na maelfu ya watu wakachukuliwa na maji pamoja na nyumba zao. Cyrene, katika milima hiyo hiyo, nayo ilifurika. Mtu mbali ya Libya alipopata habari hizi, aliuliza nini kwanza? Aliyeuliza kwanza juu ya mahekalu, akauliza baadaye juu ya watoto wa Derna, alipata nafasi ya kuujua moyo wake. Na yule mlinzi asiye na mshahara, aliyeyalinda mawe ilhali taa za nyumbani kwake zilikuwa zimezimika, alikwisha kujibu swali letu kwa vitendo: kwake mawe na watu havikuwa mizani miwili, kwa sababu mawe yalikuwa ya watu wake.

Hapo ndipo deni la msafiri lilipo. Halidaiwi machozi, wala hakatazwi kufurahi. Hudaiwa kwamba kila asimamapo mbele ya kilichojengwa, aulize nani alikibeba. Kila apendapo kitu, akumbuke kuwa kupenda si kumiliki. Na kila ayatazamapo magofu, amsalimu kwanza mtu aliyeketi katika kivuli chake. Huyo ndiye jirani wa jiwe, mrithi wake na mlinzi wake, na salamu yake yaweza kuitikiwa. Jiwe laweza kungoja: limekwisha kungoja miaka elfu mbili. Mwanadamu hawezi kungoja hivyo.