Mkojo Ulioingia Mchangani

Mbwa yule alikojoa mbele ya macho yangu. Alishushwa kwenye bajaji, akajikokota hadi nguzo ya geti la kliniki, akanyanyua mguu kwa taabu, na mkojo mweupe kama maji ya kisima ukamwagika. Mchanga ukaunywa. Niliuona, nikapita.

"Daktari, leo siku ya pili hali kitu, anatapika tu," mama mwenye mbwa alinieleza. "Halafu anakojoa mno, tena mkojo mwingi hauna hata rangi."

"Sawa mama, tutamwangalia," nikajibu, huku vidole vyangu vimeshavuta ngozi ya shingo ya mnyama. Ngozi ilibaki imesimama, haikurudi. Fizi zimekauka, macho yameingia ndani. Mbwa aliyekaukiwa maji, nikasema moyoni. Nikatafuta mshipa wa mguu wa mbele, nikatoa damu kidogo ya kupeleka maabara, nikatundika dripu. Nilijiona mwepesi wa kazi.

Alasiri majibu yakarudi: urea na kreatinini viko juu. Hapo ndipo penye mtego. Kwa mbwa huyu taka hizi zingeweza kujaa kwenye damu kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo. Huenda figo ni nzima, ila mwili umekauka na damu inayofika kuchujwa ni chache. Huenda pia figo zenyewe zimeharibika. Damu peke yake haitofautishi. Tena kreatinini ni mjumbe anayechelewa, kwa sababu hadi ipande kutokana na ugonjwa wa figo, takriban robo tatu ya vichujio huwa vimeshaacha kazi.

Anayejua ni mkojo. Mwili ukikosa maji, figo nzima huyabania kila tone, na mkojo unaotoka huwa mzito. Kwenye refraktomita, ambako maji safi husoma 1.000, mbwa aliyekauka hutarajiwa kuvuka 1.030, na paka 1.035. Ukikuta mkojo uko kati ya 1.008 na 1.012 ilhali mnyama amekauka, basi figo zimeshindwa kubana. Wala kipimo hicho usikisome kwenye vile vijiti vya rangi vilivyotengenezewa binadamu. Kwa uzito wa mkojo wa wanyama, havitegemeki.

Jioni nilipokumbuka kukinga, mkojo wa mbwa ulisoma 1.010. Lakini ulikuwa wepesi wa nani? Wa figo mbovu, au wa dripu yangu iliyokuwa ikiingia tangu asubuhi? Hapakuwa tena na njia ya kujua. Maji niliyomtia yalikuwa yamefuta ushahidi. Na nikaongeza kosa juu ya kosa: kile kichupa nilikiacha dirishani hadi kesho yake. Mkojo wa kuangaliwa kwa hadubini unatakiwa usomwe ungali mbichi, ndani ya saa moja hivi, au uwekwe kwenye friji. Ukikaa kwenye joto, vipande vidogo vinavyobanduka ndani ya mirija ya figo, ambavyo ndivyo vingenipa habari, huyeyuka, na bakteria huzaana.

Asubuhi mbwa alinyanyua kichwa, akatikisa mkia. Kreatinini ilikuwa imeshuka kidogo. Nikamwambia mama, "Alikaukiwa maji tu. Mpeleke nyumbani." Nilimwona akihesabu noti zilizobaki mkononi, nami nilifurahi kuwa mleta habari njema. Mpaka leo naamini furaha ile ilinipofusha kuliko uvivu.

Siku ya tatu walirudi, mama na kijana wake. Mdomo wa mbwa ulinuka mkojo, na kibofu kilikuwa kitupu. Ndipo kijana akasema kwa sauti ndogo kwamba wiki iliyopita mbwa alikuwa akichechemea, naye akawa anampa vidonge vya diklofenaki vilivyobaki vya bibi. Aliendelea kumpa hata baada ya kuanza kutapika. Dawa za kundi la diklofenaki hunyamazisha maumivu, lakini huzuia pia kemikali zinazoiachia figo njia ya damu wakati mwili umekauka. Ni diklofenaki hiyohiyo iliyoangamiza tumbusi wa India na Pakistani waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo. Figo zao zilikufa, na mwaka 2006 nchi hizo zikaipiga marufuku kwa mifugo.

Sikumgombeza kijana. Alitaka kumtuliza mbwa wake, na swali la dawa za nyumbani nilipaswa kuliuliza mimi siku ya kwanza.

Mbwa alikufa usiku ule. Siwezi kusema kwamba angepona. Figo zilizoumizwa ghafla pengine hurudi zikihudumiwa siku kadhaa bila kukatiza. Mimi nilikatiza baada ya siku moja, kwa kutojua ninachotibu.

Nilikwenda sokoni nikanunua kata, ile ya kifuu chenye mpini mrefu ambayo bibi zetu walichotea maji mtungini. Husuuzwa kwa maji ya moto na kukaushwa. Mbwa akinyanyua mguu, kata hupita chini yake bila kumshtua. Imetundikwa kwenye msumari uleule wa chupa za dripu, mbele yake, na hakuna mkono unaozifikia chupa bila kuishika kwanza.